Jina la Mama Kwenye Chupa

Mdogo wangu wa kiume alimpa nyoka jina la mama yetu. Nalisema hili mapema ili anayetaka kucheka acheke amalize, maana mimi nafasi ya kucheka sikuipata. Nilichokipata ni kichefuchefu, na kila nikisimulia jambo hili kinarudi palepale, chini kidogo ya koo.

Jina lenyewe silitaji. Limeshatajwa vya kutosha na watu wasiomjua mwenyewe.

Mama alizaliwa Kilolo, akaolewa Kilolo, na Kilolo ndiko tulikomzika. Alilima mahindi, maharage na viazi katika ule ukungu wetu usioisha, na katika maisha yake yote alikuwa na adui mmoja tu. Sisemi aliwaogopa nyoka. Mwenye kuogopa hukimbia, na mama hakukimbia. Alichukia. Neno lenyewe halikutoka kinywani mwake. Alisema “yule wa chini,” tena baada ya kutema mate pembeni. Kwenye kihenge chetu cha mahindi walikuwa wanaingia wale wa kahawia, wembamba, wanaofuata panya, na wasomi watakwambia kuwa hao ni rafiki wa mkulima. Mama hakuutaka urafiki huo. Akimwona tu, anachukua mchi, anamponda kichwa, anambeba kwa ncha ya jembe mpaka bondeni, anarudi, anachota majivu jikoni na kunawa nayo mpaka viwiko. Siku hiyo hali kitu. Mchi anausugua kwa mchanga, na bado wiki nzima anatwanga kwa mchi wa jirani.

Ninachokikumbuka zaidi ni uso wake kabla hajaushika huo mchi. Pua inakunjamana, mdomo wa juu unapanda upande wa kushoto, kidevu kinageukia begani, kama mtu aliyefunuliwa chungu cha maziwa yaliyooza. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza nyuma ya nyumba, na mdogo wangu ndiye aliyemwigiza vizuri kuliko wote. Alikuwa anatuvunja mbavu.

Huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mtaalamu wa nyoka. Sijui mtoto anatazamaje chuki ya mama yake miaka yote ile, kisha anaigeuza kuwa kazi. Akasoma mpaka nje ya nchi, akarudi kufundisha chuoni Iringa, akajenga Kihesa, akaoa. Mimi niliolewa Mbeya, mume akafariki, nikashika biashara ya mchele. Nauchukua mashineni Ubaruku na kuuza sokoni. Ghala la mchele lina panya wake, na panya nawajua vizuri, lakini sijawahi kumweka hata mmoja kwenye friji.

Ndiyo, friji. Mara ya kwanza kulala kwake Kihesa niliamka niwasaidie kupika. Nikafungua sehemu ya kugandishia kutafuta samaki, nikatoa mfuko uliofungwa vizuri, mzito kidogo, nikadhani ni utumbo. Nikauweka kwenye beseni uyeyuke. Baada ya muda nikaufungua, na kitu cha kwanza kunitazama kilikuwa jicho. Nilipiga yowe mpaka majirani wakachungulia ukutani.

Mdogo wangu akaja mbio huku anacheka. “Dada, hao ni sampuli tu. Wameshakufa.”

“Wamekufa karibu na maharage?”

“Nimewafunga na mifuko miwili.”

Mke wake, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini na ng’ombe wao, alisimama mlangoni na mtandio kichwani. “Mimi nimeshazoea, wifi,” akaniambia kwa upole. Nikamtazama kwa huruma. Sikula kwenye nyumba ile siku hiyo, wala siku iliyofuata; nilinunua mihogo ya kukaanga barabarani nikaila chumbani mlango nimefunga.

Sasa, mwaka mama alipougua kwa mara ya mwisho, mimi nilifunga duka nikaenda Kilolo kumuuguza. Mdogo wangu alikuwa kwenye kisiwa kimoja kidogo kusini mwa pwani, ambako alikuwa amekwenda kutafuta nyoka. Kibali cha kufika huko alikuwa amekisubiri muda mrefu, na mama mwenyewe, kwa kuwa ni mama, alimwambia kwenye simu, “Nenda tu, mwanangu, nitakuwepo.” Hakuwepo. Alifariki asubuhi, nikiwa nimemshika mguu, na mtu wa kwanza niliyempigia simu alikuwa mdogo wangu.

Nilikuwa nasikia upepo upande wake. Kisha akasema, “Dada, boti ya kututoa inakuja wiki ijayo. Zikeni.”

Zikeni. Kama vile tulikuwa tunamwomba ruhusa ya kumwaga taka. Baadaye sana, akiwa anawasimulia wageni habari za kisiwa chake, nilimsikia kwa masikio yangu akisema kuwa wavuvi wa pale huvuka kila asubuhi kwenda bara kuuza samaki. Alisema bila kujua kuwa anajisema. Mimi nikainuka nikatoka nje.

Alifika Kilolo msiba umeshaanuliwa. Wamama walikuwa wanakusanya sufuria za kuazima. Aliteremka kwenye gari akiwa amevaa viatu vya porini vyenye mchanga mweupe wa huko alikotoka, mkono mmoja ameshika begi, mwingine ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Watu wakampokea kwa kilio. “Kamwene,” akawasalimu kikwetu, kwa sauti ya chini, akawashika mikono mmoja mmoja, akaenda kaburini, akasimama. Hakulia. Nilimtazama kwa makusudi kuona kama atalia, na hakulia.

Kisha akaingia chumbani kwa mama kuweka mizigo. Nilipoingia na shuka safi nikakuta ile ndoo iko juu ya kitanda. Juu ya godoro ambalo nililisafisha mwenyewe kwa wiki kadhaa, mgonjwa akiwa juu yake. Ilikuwa inanuka spiriti, harufu ile kali ya kuingia puani na kukaa. Nikafunua mfuniko, na sijui kwa nini nilifunua, maana nilijua. Ndani mlikuwa na chupa za mdomo mpana, na ndani ya chupa wamejikunja, weupe tumboni, kahawia mgongoni, wembamba kuliko kidole changu.

Nilitapika kwenye shuka safi. Mwanamume ameleta chumbani kwa mama yetu, kabla udongo wa kaburi haujakauka, kile kitu ambacho mama hakuweza hata kukitamka. Niliichukua ndoo nikaitupa uani, chupa moja ikapasuka, na yeye akapiga magoti akaanza kuokota. Aliokota kwa mikono miwili, taratibu, kama anaokota mayai. Magoti hayo kaburini hakuyapiga.

Hatukusemezana muda mrefu. Kilichotupatanisha ni mimba ya mke wake, ya kwanza baada ya kuhangaika miaka. Niliwapelekea mchele mpya, na siku hiyo mdogo wangu alikuwa na furaha kupita kiasi. Akanikalisha sebuleni, akaleta chupa moja, akaiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma.

“Dada, huyu ni mpya. Dunia nzima hakuna anayemjua.”

Akanieleza, na kwa kuwa nilikuwa nimeamua kuwa na amani nilisikiliza. Kumbe nyoka huainishwa kwa kuhesabu magamba ya tumboni, ya mkiani, yale yanayozunguka jicho. Meno hupimwa, na kichwa hulinganishwa na vichwa vya wengine waliohifadhiwa makumbusho mbalimbali. Wa kwake wa kisiwani walikuwa wafupi mno, kichwa chembamba, na magamba pungufu ya wenzao wote wa bara. Basi akaandika, wakubwa wakapitia, wakakubali, na ikachapishwa kuwa ni spishi yake peke yake. Akaniambia pia kwamba katika chupa zote ile moja ndiyo yenye jina. “Wengine wanaitwa hivyo kwa sababu ya huyu. Mtu akibishana, anakuja kumtazama huyu. Atatunzwa milele.”

“Anaitwaje?”

Akanigeuzia simu. Nilikuta jina la mama yangu, herufi ndogo, limelazwa kama yanavyolazwa majina ya Kilatini, na mwishoni limeoteshwa kimkia ambacho alisema huwekwa majina ya wanawake.

Nikamrudishia simu yake. Nadhani alidhani nimezidiwa na furaha, maana akanishika bega. “Nilitaka kumuenzi, dada. Sisi wote tutakufa, yeye atabaki.”

“Kwa hiyo mama yuko kwenye chupa,” nikasema.

“Usiseme hivyo bwana.”

“Hii hapa chupa. Hili hapa jina lake. Niseme nini?”

Niliondoka bila kunywa chai. Na kama kilichonichefua kingekuwa yeye peke yake, ningevumilia. Lakini nilipofungua simu kwenye basi, kundi la ukoo la WhatsApp lilikuwa linawaka. Hongera profesa. Jina letu limevuka bahari. Baba mdogo, ambaye mama alipokuwa hai hakuwahi kumletea hata sabuni, aliandika kwamba marehemu ametukuzwa. Vidole gumba, makofi, mikono ya kuomba, na mjinga mmoja akaweka kabisa kale kapicha ka nyoka wa kijani anayetoa ulimi. Mwanamke aliyetema mate kila jina la yule wa chini likikaribia kutajwa. Walimjua, wote walimjua, na walipiga makofi. Nilizima simu mpaka nikafika Mbeya.

Kisha mtoto akazaliwa, wa kike.

Hapa niseme mambo ya kwetu. Katika ukoo wetu jina la mtoto halichaguliwi, hurithiwa kutoka kwa aliyekwisha kufa, na anayelitoa ni shangazi. Shangazi anambeba mtoto mpaka mlangoni, anamtajia sikioni, halafu anawageukia watu na kulisema kwa sauti. Kabla hajafanya hivyo mtoto ni mgeni tu. Na jina moja lina mtu mmoja. Kama yupo aliye hai analitumia, unasubiri. Binti wa kwanza wa mtoto wa kiume hupewa jina la bibi yake mzaa baba, na shangazi wa binti huyu ni mimi. Sina dada.

Mdogo wangu alinipigia mtoto akiwa na siku chache. “Dada, njoo umwite mama.”

“Lina mwenyewe,” nikasema.

“Nani?”

“Si umempa wewe? Tena yuko hai, yuko kisiwani anatambaa. Umesema mwenyewe dunia nzima ni yeye peke yake.”

Akafikiri natania. “Nyoka si mtu wa ukoo, dada.”

“Hakuwa. Umemwingiza wewe.”

Nikamwambia alifute jina hilo, nami nitapanda basi kesho. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa, kwamba sheria zao haziruhusu. Jina likishachapishwa, hata aliyelitoa hawezi kulirudisha, hata likiwa tusi, hata akilia. Ukiweka umeweka.

“Basi mtoto atasubiri,” nikasema. Na nilimaanisha. Binti yule angekua aende shule, siku moja angelitafuta jina lake kwenye simu, na angekutana na nini? Angekutana na kitu cha kahawia kimejikunja kwenye spiriti. Mimi nimlishe mtoto mchanga jambo hilo kwa mdomo wangu? Nisingeweza.

Akasubiri. Kadi yake ya kliniki waliandika mtoto wa fulani. Alianza kukaza shingo, akaanza kucheka, bado ni mtoto tu. Mke wa mdogo wangu alinipigia akilia. “Wifi, kosa sio la mtoto. Kule kliniki wananiuliza kila mara, naona aibu.” Mama yake alikuwa amekuja kutoka Usangu kumlea mzazi, akachukua simu, akanisalimia kwa heshima zote, kisha akaniambia, “Mama, kwetu sisi huyu tungeshamwita. Alizaliwa mvua inanyesha, basi, jina lake hilo. Nyinyi mnangoja nini?” Nikajua kwamba kule jikoni ameshaanza kumwita la mvua chinichini, na nikichelewa sana litamkaa. Lingemkaa, na jina la mama lingebaki kwa yule wa kwenye chupa milele, kama alivyoahidi mdogo wangu. Nilikonda. Wateja walikuwa wananiuliza kama naumwa.

Halafu siku moja, nikiwa napepeta mchele dukani, simu ikaita. Ni yeye, na alikuwa analia. Analia kwa kwikwi, kamasi zinasikika. Nikakaa juu ya gunia, nikajua mtoto amekufa.

“Wamemwondoa,” akasema.

“Nani? Mtoto?”

“Nyoka, dada. Wamemwondoa nyoka wangu.”

Ilinichukua muda kuelewa. Wataalamu wengine huko nje walichukua vipande vya nyama vya nyoka wa kisiwani, wakavipima pamoja na vya nyoka wa bara, wakakuta ni damu ileile. Hakuwa mpya. Kisiwa hakina panya, kuna mijusi tu, na nyoka aliyekosa chakula cha maana vizazi na vizazi amedumaa, basi. Ni yule wa kahawia anayefuata panya, wa kila mahali, ambaye jina lake la zamani lipo tangu enzi. Kwa sheria zao la zamani ndilo linaloshinda.

“Yule wa vihenge?” nikauliza.

“Ndiye.”

Nilitazama ukuta wa duka. Wale aliokuwa anawaponda kwa mchi. Mama yangu alikuwa amewaua wa jina lake tangu ujana wake, akanawa majivu, akakosa chakula siku nzima kwa kinyaa, na mtoto wake wa kiume aliyeyaona yote hayo akaenda kuwatafuta mpaka baharini ili awape jina lake.

“Unalia,” nikamwambia. Sikuwa nauliza. “Kwa mama hukulia. Kwa huyu unalia.”

Akapenga kamasi. “Siku uliyonipigia,” akasema, “ndiye niliyekuwa nimemshika. Huyo wa kwenye chupa. Nilikuwa nimemshika mkononi, simu sikioni.”

“Ungemwachia.”

“Najua.”

Tukakaa hivyo, yeye Iringa, mimi juu ya gunia, mteja amesimama mbele yangu na mfuko wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile ya utotoni, “Dada, lile jina sasa limekufa. Kwenye vitabu limeandikwa ni jina mfu, halitumiki tena. Njoo ulichukue.”

Nilikwenda, lakini sikwenda kulichukua. Nataka lieleweke hilo. Bado lilikuwa linaninukia spiriti, na kwenye basi nilikuwa nimeshaamua kumpa mtoto jina la shangazi yetu aliyekufa zamani, mwanamke asiye na lawama, ili la mama lipumzike.

Nilifika Kihesa mchana. Bibi wa upande wa pili alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage, mke wa mdogo wangu akaniletea mtoto amefungwa kitenge kipya. Nilikuwa sijamwona isipokuwa kwenye simu. Mzito, amenona, macho makubwa. Nikambeba mpaka mlangoni, kwenye mwanga. Mdogo wangu akaingia getini wakati huohuo, anatoka chuoni. Nilimsikia harufu ya spiriti kabla hajanifikia. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Hakunisalimia. Alimtazama binti yake mikononi mwangu, akanyoosha kidole amguse shavu.

Mtoto alikunja pua. Mdomo wa juu ukapanda, upande wa kushoto, na kidevu kikageukia begani kwangu.

Bibi pale kwenye mkeka akacheka, mke wake akacheka. Sisi wawili hatukucheka. Mkono wake ulibaki hewani. Alikuwa ameiona ile sura ya mama, maana katika sisi wote ndiye aliyekuwa anaijua kuliko mtu mwingine.

“Kanawe kwanza,” nikamwambia.

Akaenda bombani, akafungua maji, akafunga. Akageuka akaenda kwenye jiko la mkaa lililokuwa limezimika pembeni mwa ukuta, akachuchumaa, akachota majivu kwa viganja, akaanza kujisugua mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyemwambia. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nilimsubiri amalize, ndipo nikaliweka jina la mama sikioni mwa mtoto.